Siku ya Kushinda Mtoni na Maandalizi Yake

Kila mwaka mvua zikikatika, mwezi wa tano au wa sita, vijana wetu wanaanza kuulizana: siku gani tutaenda kushinda mtoni? Wanafunzi wanapanga na wenzao, kwaya zinapanga, vikundi vya mpira vinapanga. Wanachanga unga na mafuta, wanaazima sufuria kwa mama, na siku ikifika wanashika njia mapema, wengine kwa miguu, wengine kwa kinga na kwa moto. Ni jambo zuri, na hatuandiki makala haya kwa kulikataza. Tunaandika kwa sababu tumeona kwamba siku hizi watu wanapanga chakula na muziki, lakini mto wenyewe hawaupangi. Halafu mara kwa mara tunasikia kilio kinatoka upande wa maji, na tunabaki kusema kwamba mto umemla mtoto wa mtu.

Kuna wanaofikiri kwamba matembezi haya yaliletwa na Wazungu wa posta na wa misioni, na kwa hiyo kwamba hayana desturi kwetu. Hiyo si kweli. Watu wa Wamaza, wa Kasongo na wa Kabambare, walishinda mtoni kabla ya kuwako posta yoyote, na siku ile ilikuwa na utaratibu wake. Tunataka kuonyesha hapa kwamba utaratibu huo haukuwa ushirikina mtupu. Mambo yaliyotokea katika nchi hii, mengine yenye tarehe na mashahidi, yanaonyesha kwa nini kanuni zake zilikuwa na haki. Anayeijua historia hiyo anaweza kupanga siku yake vizuri. Asiyeijua anakwenda mtoni kama mgeni, hata akiwa amezaliwa hapo.

Mito yetu na majira yake

Tuanze na mito yenyewe. Luama inatoka katika milima ya mashariki, upande wa ziwa Tanganyika, inapita katika nchi ya Kabambare, kisha inaingia Lualaba. Lualaba nayo inatoka kusini, Katanga. Karibu na Kongolo inabanwa na mawe fasi ambayo Wazungu waliiita Portes d'Enfer, maana yake Milango ya Jehanamu, halafu inatulia na kupanuka, inapita upande wa Kasongo na Nyangwe, inakwenda Kibombo na Kindu. Si kila mahali inapitika kwa mashua. Ni kwa sababu ya maporomoko hayo ndiyo ilijengwa reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911. Tena kuna vijito vingi vinavyoingia katika mito hii miwili, na ndivyo watu wengi wanaogea kila siku.

Kiangazi chetu kinaanza mwezi wa tano au wa sita na kuendelea mpaka wa nane au wa tisa. Wakati huo maji yanashuka, mchanga unaonekana, mawe yanatoa vichwa. Mvua zikirudi, mto unabadilika rangi na nguvu. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wanalisahau: mvua ya milimani haionekani kutoka hapa. Unaweza kuona jua kali Wamaza, kumbe upande wa mashariki imenyesha usiku kucha, na maji yale yako njiani yanakuja. Ndiyo maana wazee walikuwa wanautazama mto kwanza: kama maji yamegeuka udongo na yanaleta majani na vijiti, safari inaahirishwa, hata kama unga umekwisha kusagwa.

Siku ile ilikuwa namna gani

Kwetu mto ni kama nyumba yenye vyumba. Juu kabisa, upande maji yanakotoka, ni fasi ya kuteka maji ya kunywa. Chini yake kidogo ni fasi ya kuoga, ya wanaume mbali na ya wanawake, kila moja na stara yake. Chini yake tena wanafua nguo, na mwisho, maji yanapokwenda zao, wanaroweka muhogo ili uchungu utoke. Mtoto anajifunza mpangilio huu kabla ya kujifunza kuhesabu. Kijana anayeoga juu ya fasi ya kuteka maji anagombezwa na kila mama anayepita, hata asiye mama yake.

Kiangazi ndiyo wakati wa kushinda. Akina mama walikuwa wanapanga siku ya kuziba kijito kwa udongo na majani, wanachota maji kwa vikapu mpaka yapungue, wanakamata samaki waliobaki katika matope. Wengine walitumia utupa, ule mmea unaolevya samaki, lakini hiyo haikufanywa hivi hivi tu: wanaoteka maji chini walipaswa kujua mapema, ili wasinywe. Watoto walikuja pamoja na mama zao, na wakati kazi inaendelea walikuwa wanaogelea katika maji madogo chini ya macho ya dada zao wakubwa. Kazi na furaha vilikwenda pamoja. Jioni watu walirudi na samaki, na muhogo ulioiva majini, na watoto waliochoka.

Ukitazama vizuri utaona kwamba siku hiyo haikuwa na mtu asiye na kazi yake. Kuna anayepika, kuna anayeziba maji, na kuna anayetazama tu. Huyu wa kutazama ndiye tuliyempoteza. Siku hizi wote wanaingia majini pamoja, na simu zinabaki ukingoni zikipiga muziki. Hakuna jicho juu ya maji.

Mto una wenyewe

Kanuni ya kwanza ya wazee ni hii: usiende fasi ya maji bila kuongea na watu wa pale. Wengine wanacheka wakisikia hivyo, wanasema mto ni wa Mungu na wa Serikali. Historia ya Lualaba inawajibu.

Daktari Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa tatu mwaka 1871. Alitaka mabwato ya kuvuka na kushuka na mto ili ajue unakwenda wapi. Alikaa karibu miezi minne, alikuwa tayari kulipa, na hakuyapata. Watu wa mto waliona kwamba anakaa na wafanyabiashara wenye bunduki, wakamchukua kuwa mmoja wao. Mwaka 1874 alikuja Cameron, naye Mwingereza, naye akaomba mabwato Nyangwe, naye akakosa. Ikambidi aache mto na kugeukia kusini. Stanley alifuata Luama mpaka inapoingia Lualaba, akafika pale tarehe 17 Oktoba 1876. Yeye alikuwa na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu pwani. Hata hivyo alipotoka Nyangwe tarehe 5 Novemba hakuthubutu kwenda peke yake. Alipatana na Tippu Tip amsindikize na watu wake, wakaanza kwa njia ya msitu kabla ya kuingia majini.

Mwaka 1893 jambo lile lile likarudi. Jeshi la Dhanis, la ile Serikali ya Leopold, lilikuwa ng'ambo ya kushoto ya Lualaba likiitazama Nyangwe. Lilikuwa na bunduki za kisasa na askari wengi, lakini lilikaa pale majuma kadhaa kwa sababu ya kukosa mabwato. Lilivuka tarehe 4 Machi, kwa mabwato ya Wagenya. Kutoka hapo likaingia Kasongo tarehe 22 Aprili, na utawala wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, ukaanguka hapo mjini. Vitabu vingi vinataja mabunduki na makapiteni. Sisi tunataja kafi. Bila kafi za Wagenya, jeshi lile lingeendelea kuangalia maji.

Somo ni nini? Wenyeji wa mto walijua kitu ambacho wageni wote wale hawakukijua: wapi maji yanapita taratibu, wapi yanazunguka, mwamba uko wapi, mamba anapenda kulala wapi. Elimu hiyo haipatikani kwa nguvu wala kwa haraka. Inapatikana kwa kuomba na kupatana. Mvuvi wa leo katika Luama bado anayo. Kikundi cha vijana kinachofika na kuruka majini bila hata kumsalimu kinaacha ukingoni mwalimu wa bure.

Tarehe 15 Julai 1871

Kanuni ya pili inasema: kwenye maji hakuna silaha wala ugomvi. Kuieleza inabidi tukumbuke siku moja ya huzuni, ambayo watoto wetu wengi hawafundishwi.

Soko la Nyangwe lilikuwa kando ya Lualaba, na lilikuwa zaidi soko la wanawake. Walivuka asubuhi kwa mabwato kutoka ng'ambo, wakiwa na samaki, muhogo, mafuta ya mawese, chumvi, kuku, vyungu na nguo za nyuzi za mti, na baadaye walirudi kwao. Livingstone alikaa na kutazama soko lile mara nyingi, na aliandika kwamba hata vijiji vya wanaume vikipigana, wanawake walipita kutoka soko hadi soko bila kuguswa. Hiyo ilikuwa sheria ya nchi. Haikuandikwa na mtu, lakini ililindwa na wote.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni. Watu wenye bunduki, wa mmoja wa wafanyabiashara, waliingia, na baada ya mabishano ya bei ya kuku wakaanza kupiga risasi katikati ya watu. Wenzao waliokuwa karibu na maji wakapiga nao. Wanawake walikimbilia mabwato, lakini mabwato yalikuwa yamebanana katika kijito chembamba na hayakuweza kutoka yote. Wengi walijitupa mtoni wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali sana, na mkondo ukawachukua. Mabwato mengine yalizama kwa uzito wa watu. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hesabu ya kweli haikupatikana. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichoma mioyo ya watu, na ilisaidia kuongeza nguvu ya madai ambayo mwishowe yalimfanya Sultani Barghash wa Zanzibar atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, tarehe 5 Juni 1873.

Wale wanawake walikuwa wametoka nyumbani kwa siku moja tu, wakitegemea kurudi kabla ya giza. Walijua kuogelea, walijua mto wao. Hawakuuawa na ujinga wa maji. Waliuawa na watu walioivunja amani ya maji. Kwa hiyo mzee anaposema kwamba panga linaachwa mbali na fasi ya kuoga, kwamba mlevi hashuki ukingoni, kwamba wenye ugomvi wanapatanishwa kwanza ndipo waende pamoja, tusimwone kuwa mtu wa zamani. Watu wanapovua nguo na kuingia majini hawana cha kujikinga. Wanategemea uaminifu wa wenzao tu.

Katika miaka ya vita, 1998 mpaka 2003, tulirudi kuyaona hayo kwa macho yetu. Watu waliogopa njia ya mtoni kwa sababu hawakujua nani anawangoja huko. Kuoga kukawa kwa haraka, mmoja mmoja, bila kelele. Kuna watoto waliokua katika miaka hiyo bila kufundishwa kuogelea na mtu yeyote, na leo hao ndio wazazi. Tukishangaa kwamba elimu ya mto imekatika, tusiwalaumu vijana peke yao. Ilikatwa.

Magonjwa ya kando ya maji

Kanuni ya tatu inahusu fasi na saa. Hapo elimu ya wazee na elimu ya hospitali zinaweza kusaidiana.

Wakati wa wakoloni nchi hii iliteswa na malale, ugonjwa wa usingizi. Madaktari waligundua kwamba unaletwa na mbung'o, na kwamba mbung'o wa huku kwetu anapenda vichaka vyenye kivuli vya kando ya mito, hasa pale watu wanapoteka maji, wanapooga na wanapovuka. Kwa hiyo ikatolewa amri ya kufyeka vichaka katika vivuko na fasi za maji. Kazi ile ilifanywa kwa kulazimishwa, na uchungu wake haukusahaulika. Lakini jambo lenyewe lilikuwa na ukweli: fasi safi, inayopigwa na jua, inapunguza inzi yule, na tena inafanya nyoka na mamba aonekane mapema.

Ugonjwa wa pili ni bilharzia, ambao katika Maniema tunaujua sana. Jina lake linatokana na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyemwona mdudu wake Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Mwingereza Leiper alionyesha huko Misri kwamba mdudu huyo anapita kwanza ndani ya konokono wadogo wa majini. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, si mkondo unaokimbia. Wadudu wachanga wanatoka ndani yao mchana jua likiwa juu, wanaelea, wakikuta ngozi ya mtu wanaingia. Na mzunguko unaanzia kwa mtu anayekwenda haja majini au karibu na maji. Basi, kuchagua maji yanayotembea juu ya mchanga, kuepuka vidimbwi vyenye majani hasa saa ya jua kali, na kuchimba choo mbali na ukingo ni dawa kabla ya dawa. Aliyeona damu katika haja asione haya. Aende hospitali, dawa yake ipo.

Kuna na jambo jipya. Upande wa Namoya na Salamabila watu wanachimba dhahabu, na mchanga wake unaoshwa katika vijito. Maji yaliyokuwa yanaonyesha chini sasa ni udongo mtupu, na katika kitanda cha kijito yanabaki mashimo ambayo mguu hauyajui. Wazee hawakutuachia kanuni ya hayo kwa sababu hawakuyaona. Ni juu yetu kuitunga: maji yasiyoonyesha chini si ya kuogelea, hata kama mwaka jana tuliogelea pale pale.

Kupanga siku hiyo leo

Methali inasema: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Maana yake kwetu ni kwamba maamuzi yanafanywa kabla ya kuvua nguo. Kwa hiyo tunapendekeza hivi, kwa shule, kwa kwaya na kwa vikundi vyote.

Juma moja kabla, watu wawili wakubwa waende kwanza. Wamsalimu mkubwa wa kijiji kilicho karibu na wavuvi wake, wapeleke kidogo cha mkono, waulize fasi nzuri, waulize habari za mamba na kiboko. Wapime kina kwa mti mrefu, hatua kwa hatua, na waweke alama ya fito pale kina kinapoanza. Mvuvi mmoja aombwe awepo siku yenyewe na bwato lake, na chakula chake kihesabiwe pamoja na cha wengine.

Siku yenyewe watu watoke asubuhi mapema. Wachukue kamba ndefu na bidoni tupu zenye vifuniko. Bidoni tupu iliyofungwa vizuri inaelea na inaweza kumbeba mtu anayezama. Anayezama arushiwe bidoni au kamba, au anyoshewe mti. Asirukiwe na mtu mikono mitupu, kwa sababu atamkumbatia na watakwenda wote wawili. Wakifika wahesabiane. Kila mtoto apewe mwenzake wa kumwangalia. Watazamaji wawili wakae juu, bila simu, wapokezane na wengine kila baada ya muda. Ndiyo kazi ile ya zamani, na mwenye kuifanya apewe nyama ya kwanza. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni. Wasichana wapewe fasi yao na mama wa kuwasimamia, ili wasibaki ukingoni kupika tu, maana nao wanahitaji kujua kuogelea. Bibi zao wa Nyangwe walijua.

Mchana jua likiwa juu kabisa, watu watoke majini, wenye kusali wasali, wote wale ugali na sombe na samaki, na huo uwe wakati wa kusimulia: Lualaba inatoka wapi, nani walivuka hapa, nini kilitokea Nyangwe. Jua likianza kushuka wahesabiane tena, wafukie choo, wazime moto, wamuage mvuvi. Wawe nyumbani kabla ya giza, kwa sababu jioni mamba anatembea, na njia ya usiku haina rafiki.

Tunawaomba walimu, wazazi na viongozi wa dini wa Wamaza wayasome haya pamoja na vijana kabla kiangazi hakijaanza. Na wazee ambao bado wanajua majina ya vivuko na ya mawe ya Luama wayataje, wapate kuandikwa. Mvuvi akifa na majina hayo kifuani, watoto watakaokwenda mwaka unaofuata watayatafuta kwa miguu yao.